CSR ya duka kubwa hapa Dodoma: anzia mlango wa nyuma, mabango baadaye

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika hii kwa wale mliopewa dawati la jamii kwenye makampuni makubwa ya maduka, supamaketi na maduka ya jumla yenye matawi mikoani, yale ambayo makao makuu yako Dar au nje ya nchi kabisa, halafu siku moja meneja wa tawi anapigiwa simu anaambiwa mwaka huu na nyie Dodoma mfanye CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, bajeti ni hii, picha zije kabla mwezi haujaisha. Mimi nimekaa kwenye hiyo kazi miaka saba, kuna vitu tulifanya mpaka leo vipo na kuna vitu vilikufa hata mwaka havikumaliza, na kila baada ya muda ananipigia mtu mpya anauliza aanzie wapi. Nimeona niandike yote mara moja.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kampuni za madini sheria inawabana, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 lazima watengeneze mpango wa CSR na wakubaliane na halmashauri ya pale walipo. Sisi wa maduka hatuna sheria ya hivyo, kwa hiyo wengi wanachukulia CSR kama hisani, ukijisikia unatoa usipojisikia unaacha. Mimi siamini hivyo. Duka kubwa linagusa watu kila siku kuliko mgodi, linanunua kwa mkulima, linamlipa au halimlipi, linaajiri watoto wa mtaa, linapanga bei ya sabuni na unga, linatupa chakula. Hapo ndipo wajibu wako ulipo, kabla hujafikiria kumpelekea mtu mche wa sabuni akiwa kitandani hospitali.

Anzia wanapoingilia wanaokuletea mzigo

Kuna siku tulikuwa tunakabidhi mashuka kwenye kituo kimoja cha afya, bango kubwa, fulana mpya, waandishi wamekuja, mkuu amekuja. Nikamwona mama mmoja anayetuletea mchicha na nyanya amesimama nyuma ya watu, nikafurahi kwamba amekuja kushuhudia. Shughuli ilipoisha akanifuata taratibu akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuja kuulizia ile hela yangu, nimesikia mabosi wote leo wapo huku." Ilikuwa miezi mitatu hajalipwa. Alikuwa amekopa kausha damu ili alipe ada na anunue mbegu, riba inakimbia kila wiki, na sisi hela yake ipo kwenye akaunti yetu. Yale mashuka kwa namna fulani ni yeye ndiye aliyeyanunua. Sijawahi kulisahau lile jambo na ndiyo sababu nasema anzia mlango wa nyuma, pale mzigo unapopokelewa.

Fanya hivi. Nenda kwa mhasibu wa tawi muombe akuprintie orodha ya madeni yote ya masapulaya, ipangwe kwa umri wa deni, nani anadai siku 15, nani 30, nani 60, nani 90 na zaidi. Utaona jambo la kushangaza, wakubwa wenye magari na mawakili wanalipwa kwa wakati kwa sababu wasipolipwa wanasimamisha mzigo, na wadogo wenye deni la laki mbili laki tatu ndio wanaopigwa danadana, njoo Ijumaa, njoo mwisho wa mwezi, bosi hajasaini. Jumlisha madeni ya wote wanaodai chini ya milioni moja. Mara nyingi ni hela ndogo sana kwa kampuni, kwa sisi ilikuwa ndogo kuliko bajeti ya CSR yenyewe! Peleka hiyo namba kwa meneja, na useme wazi kwamba unaomba mzalishaji mdogo alipwe ndani ya siku 7, kwa simu, na siku zihesabiwe tangu mzigo ulipopokelewa na sio tangu invoisi iliposainiwa Dar. Hapo kwenye kuhesabu ndipo ujanja mwingi unapofichwa, mkataba unasema siku 30 lakini invoisi inakaa kwenye droo siku 40 kabla haijaanza kuhesabiwa.

Halafu mapokezi ya mzigo. Mkulima ametoka Hombolo saa kumi alfajiri na bodaboda, amefika, mzigo umepimwa yeye akiwa nje, anaambiwa kilo 12 zimekataliwa. Zimekataliwa kwa nini na zipo wapi hajui. Weka utaratibu kwamba mzigo unapimwa na kuchambuliwa mwenye mzigo akiwepo, kilichokataliwa anarudishiwa palepale akauze soko la Majengo au Sabasaba bado kikiwa kibichi, na anaondoka na karatasi yenye mhuri inayoonyesha kilichopokelewa. Haigharimu hata shilingi.

Mkiona natia chumvi kumbukeni yaliyotokea jirani. Supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, Nakumatt nayo ambayo mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa nchini ikaja kuanguka, na wote waliacha wazalishaji wanadai. Hata Uingereza huko, Januari 2016 msimamizi wa biashara ya maduka ya vyakula aliikuta Tesco na kosa la kuchelewesha makusudi malipo ya masapulaya ili hesabu zake zionekane nzuri. Ni ugonjwa wa maduka makubwa popote yalipo, na dawa yake haiwezi kuwa kugawa madaftari.

Nunua kwa watu wa hapa, ila kwa mpango

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Dodoma na Singida tuna vitu, alizeti, karanga za Kongwa, asali ya Manyoni, ubuyu, unga wa mtama na uwele, zabibu. Ingia kwenye supamaketi nyingi za mjini utakuta asali imetoka mbali, siagi ya karanga imetoka mbali, hata ubuyu wa pakiti umetoka mbali wakati mibuyu tunaipita barabarani.

Ukitaka kupata wazalishaji usiweke tangazo, utaletewa madalali. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa jiji muombe orodha ya vikundi vya ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Vikundi hivi vimeshasajiliwa, vina akaunti benki, vina katiba na viongozi, nusu ya kazi yako imeshafanyika. Watembelee wanapofanyia kazi, usiwaite ofisini. Ukifika kwao utaona kama mashine ya kukamulia mafuta inafanya kazi kweli au ipo kwa ajili ya wageni.

Kinachowakwamisha hawa mara nyingi ni nembo ya TBS, wale wa Shirika la Viwango, vifungashio na barkodi, bidhaa yenyewe huwa nzuri. Kwa hiyo hela yako ya CSR iweke hapo. Msaidie mjasiriamali apate barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua hiyo anapata unafuu wa gharama kule TBS, mlipie barkodi ya Tanzania inayoanza na 620, mlipie vifungashio vya mwanzo, mtafutie mtu wa kumfundisha kuandika tarehe ya kuzalishwa na ya kuisha. Ukimfanyia hivyo kikundi kimoja, atauza kwako na kwa washindani wako na nje ya mkoa, na hilo ni jema, usimfungie kwa mkataba kwamba asiuze kwingine. Nimeona kampuni zinamsaidia mtu halafu zinamfanya kama mali yao.

Na akishaingia dukani usimfanyie ya mapapa. Duka kubwa lina mazoea ya kudai ada ya kuingiza bidhaa, pakiti za bure, punguzo la ofa, na kila kitu mali kauli kwamba kikiuzwa ndio analipwa. Kampuni kubwa ya vinywaji inaweza kubeba hayo, akina mama sita wa Chihanga hawawezi. Waondolee hayo yote kwa mwaka wa kwanza angalau, chukua mzigo mdogo na uulipie, na uweke kwenye shelfu usawa wa macho. Ukiuweka chini karibu na dawa za mbu mwezi ukiisha utaambiwa hauuziki.

Zabibu zinataka maneno yake. Hapa tunavuna misimu miwili kwa mwaka, ule wa Februari na Machi na ule wa Agosti na Septemba, na msimu unaanza mkulima anapopogolea, yaani anapopunguza matawi. Ukienda kuongea naye wakati zabibu zimeiva umechelewa, yeye ana presha ya kuoza na wewe unajua hilo, bei utakayompa sio ya haki hata kama mmekubaliana. Kaa naye kabla ya kupogolea, mkubaliane kilo, bei ya chini ambayo haitashuka, na siku za kuchukua. Pia elewa kwamba zabibu nyingi zinazolimwa Hombolo na Mpunguzi ni za mvinyo, zinaenda kiwandani au kukamuliwa mchuzi wa zabibu, wewe wa duka unataka za mezani, kwa hiyo uliza kwanza usije ukamuahidi mtu soko la kitu usichoweza kuuza. Kituo cha utafiti cha TARI pale Makutupora wanajua mbegu hizi vizuri, waulizeni.

Waliomo ndani ya duka

Hapa nitaenda haraka maana mengi ni sheria, hayahitaji bajeti ya CSR wala kamati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ovataimu ni mara moja na nusu, likizo siku 28, uzazi siku 84, na mama anayenyonyesha anapewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Keshia wa kwako anazijua? Anazipata? Angalia ratiba ya Desemba ndio utajua. Angalia kama makato ya NSSF yanafika kweli. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Nimeona kampuni inagawa viti mwendo mbele ya kamera na kwenye matawi yake yote hakuna mfanyakazi hata mmoja mwenye ulemavu. Muajiri mtu, kiti atanunua mwenyewe.

Walinzi na wafagizi mliowachukua kupitia wakala nao ni watu wenu, jamii haimjui wakala, inajua anafagia kwenu. Mpe keshia stuli akae. Na duka likifungwa saa nne usiku mabinti wa Nkuhungu na Mkonze wanarudije? Usafiri wa usiku ulikuwa jambo la kwanza tulilofanya ambalo wafanyakazi wenyewe walitushukuru.

Na bei. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike ili wasichana wapate kwa bei nafuu, 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei, yaani unafuu uliishia kwenye maduka. Linauma hilo, maana makampuni yaleyale ya biashara kila mwaka utayakuta shuleni yanagawa taulo za kike pakiti mojamoja. Kama kampuni yako ina matawi mengi unaweza kuamua kuuza taulo za kike bila faida, au kwa faida ndogo sana, mwaka mzima. Haina picha nzuri lakini inamfikia binti ambaye shule yake hamtaifikia milele.

Ukishafanya hayo, ndio utoke nje

Barua za maombi zitakuja nyingi, shule, zahanati, timu za mpira, kwaya, harusi pia. Usichague kwa uzuri wa barua. Shule yenye mwalimu anayejua kuandika sio lazima ndiyo yenye shida kubwa. Amua mapema kata mbili au tatu ambazo duka lenu linachota wateja na wafanyakazi, halafu nenda kwa mtendaji wa kata na diwani, jitambulishe, omba kuhudhuria kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, na baadaye mkutano wa mtaa wenyewe. Kaa kwenye benchi na watu, usikae meza kuu. Kuna vitu mwenyekiti wa mtaa hatakwambia ofisini ila mzee mmoja atasimama kwenye mkutano aseme.

Mimi nauliza maswali matatu tu. Mmeshaanza nini wenyewe? Nani atakilinda? Kitu gani kitaharibika kwanza na nani atakitengeneza? Mtaa ukijibu kwamba tumeshafyatua tofali na tumechimba msingi, hapo weka hela, watu wa hapo wameshaamua. Wakijibu tunasubiri mfadhili, rudi mwezi ujao.

Hilo swali la tatu nimelilipia. Kuna shule tuliwajengea vyoo, vizuri kabisa, vigae, masinki ya kunawia, ya wasichana na chumba cha kubadilishia. Maji hapakuwa. Tulijua kuna bomba, hatukuuliza linatoa mara ngapi. Miezi minne baadaye vyoo vimefungwa kwa kufuli na watoto wanaenda vichakani kama zamani. Mimi ndiye niliyesaini ile ripoti ya mafanikio.

Kwa Dodoma basi anza na maji, na maji ya kwanza ni ya bati. Mvua zetu ni chache, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 hivi, watu wanadharau, lakini piga hesabu hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Jengo la madarasa mawili lina bati kama mita za mraba 100 hivi. Mvua ya milimita 500 ni lita elfu 50, toa moja ya tano inayorushwa na upepo na kuvuja, unabaki na lita elfu 40. Shule ina majengo mangapi? Kwa hiyo gata, matenki, kitako cha zege kilichoinuliwa ndoo ikae chini ya bomba, koki ya chuma, kufuli, na bomba la kumwaga maji ya mvua ya kwanza kwa sababu bati letu linakaa miezi saba na vumbi na kinyesi cha popo. Vyote viwe vimefungwa kabla Novemba haijaisha. Ukifunga Januari mvua za Desemba zimeshakupita. Kisima ni kizuri lakini maji ya chini maeneo mengi yana chumvi, pima kwanza maabara kabla hujalipa mchimbaji, na ongea na mamlaka ya maji, DUWASA au RUWASA, kutegemea uko mjini au kijijini.

Miti sasa. Naomba mnisikilize kwenye hili. Kampuni nyingi zinapanda miti Juni 5, siku ya mazingira duniani, kwa sababu makao makuu yametuma kalenda. Juni Dodoma ni kiangazi kimeshaanza! Mvua hairudi mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Unapanda mche, unapiga picha, unauacha miezi sita na jua na upepo na mbuzi. Panda Desemba mvua zikishakaa, miche michache, kwenye uzio, na umlipe mtu wa pale kumwagilia mpaka mvua za mwaka wa pili. Au fanya jambo la bei rahisi zaidi, kisiki hai. Mashamba yetu yana visiki vya miti iliyokatwa zamani lakini mizizi yake iko hai, inachipua kila mwaka na mkulima anafyeka. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kuweka alama, unayalinda. Mti unakua haraka maana mzizi uko chini siku nyingi. Mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yamefundisha wakulima wengi sana wa mkoa huu, kampuni yako inaweza kugharamia mafunzo ya kijiji badala ya kununua miche elfu ambayo nusu itakufa. Wazee wa Kondoa watakwambia kuhusu HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, mmomonyoko ulikuwa mbaya mpaka 1979 mifugo ikaondolewa, na ardhi ilianza kujifunika yenyewe. Ardhi hii ikipumzishwa inarudi.

Chakula kinachokaribia kuisha muda. Ufaransa tangu 2016 supamaketi kubwa zinakatazwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa, zinatakiwa kuwa na makubaliano na mashirika yanayokigawa. Sisi hatuna sheria hiyo lakini unaweza kujiwekea. Kila jioni stoo inatenga vinavyobakiza siku chache, orodha inaandikwa, asubuhi gari la duka lenyewe linapeleka kwenye kituo mlichokubaliana, wasije wao na toroli wakasubiri getini. Kilichopita tarehe hakitoki, hata uombwe vipi, TBS ndio wasimamizi wa usalama wa chakula tangu 2019 na mtoto akiumwa hakuna maelezo. Kipimo changu ni kama ningeweza kukipika nyumbani kwangu leo usiku. Mboga zilizonyauka wape wafugaji. Na maboksi msiyachome, kuna akina mama na vijana wanaishi kwa kukusanya maboksi na chupa, wapangie siku na saa waingie bila kufukuzwa na mlinzi.

Hela, karatasi na picha

Usimpe mtu keshi. Sio mwalimu mkuu, sio mwenyekiti, sio diwani, hata kama unamwamini kama ndugu yako, unamuweka pabaya yeye mwenyewe. Kinachoenda shule ya serikali kipite kwenye akaunti ya shule au kontrol namba, au nunua vifaa mwenyewe kwa risiti na mkabidhiane kwa maandishi yenye saini ya kamati ya shule. Bei ya mradi ibandikwe ukutani pale pale kwenye mradi, mfuko wa simenti bei gani, fundi kalipwa ngapi, watu wasome. Uvumi wote unaishia hapo. Posho, mimi msimamo wangu ni kwamba silipi posho ya mtu kunisikiliza, ila mzee akitoka mbali nauli yake na chakula cha mchana vipo kwenye bajeti na vimeandikwa wazi. Mhasibu wenu pia ajue kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kukata michango ya hisani na miradi ya jamii mpaka kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara, na ili ikubalike karatasi lazima ziwepo.

Picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi na tume yake ipo hapahapa Dodoma. Mtoto hapigwi picha akipokea viatu halafu akabandikwa kwenye bango la duka bila mzazi kukubali. Na hata mzazi akikubali, jiulize huyo mtoto akifika kidato cha nne atajisikiaje picha hiyo ikiwa bado inazunguka kwenye WhatsApp za mtaa. Piga picha ya tenki. Sisi tulijiwekea kwamba mabango, fulana na chakula cha wageni visizidi shilingi 5 kwenye kila shilingi 100 ya mradi, tuligombana sana na watu wa masoko mwanzoni, baadaye walizoea.

Ripoti ya makao makuu iandike kwa vitu vinavyohesabika. Wazalishaji wadogo wanalipwa siku ya ngapi, mwaka jana ilikuwa siku ya ngapi. Bidhaa ngapi za Dodoma na Singida ziko kwenye shelfu na zimeuza kiasi gani. Wafanyakazi wenye ulemavu wangapi. Matenki mangapi tuliyofunga mwaka juzi yana maji leo. Hii ya mwisho utaijua kwa kwenda tu, hivyo tenga kabisa kwenye bajeti mafuta ya gari ya kurudi baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, na fungu dogo la matengenezo. Nenda Oktoba, bila taarifa, bila fulana. Gonga tenki kwa kiganja kuanzia juu kushuka, sauti itakuonyesha maji yameishia wapi, panda uangalie gata kama limeng'oka au limejaa majani, fungua koki. Kama imevunjika mtafute fundi wa mtaa uleule, mlipe siku hiyohiyo, umsubiri amalize kabla hujaondoka, kwa sababu mvua ikianza na gata liko chini, huyo mwalimu atakaa na tenki tupu mpaka mwaka mwingine.